Nilisema Ni Gesi

Mama Luciana wa redio, shikamoo. Nakuandikia kutoka Itigi, nilimaliza kidato cha nne mwaka jana na naomba jina langu usilisome, maana shida hii nimeitengeneza mwenyewe. Wifi yangu Hanifa ana siku kumi na nane tangu ajifungue na damu haijakata, basi Ijumaa nilimsindikiza hospitali, daktari akampaka mafuta ya baridi tumboni akampima kwa ultrasaundi, akatuonyesha kwenye kioo kipande cha kondo la nyuma kilichobaki ndani, akampa vidonge na kusema arudi Alhamisi wakitoe, hachanwi popote, anachomwa ganzi, wanapitisha bomba laini njia ile ile aliyopita mtoto, na jioni anarudi nyumbani. Wifi ana mwaka mmoja tu kwetu na anamwogopa mama, akaniomba niseme mimi, nikakubali, lakini tulipofika baba na baba mdogo walikuwa wamekaa sebuleni, mama akauliza mbele yao, "Daktari kasemaje?" na mimi maneno kama mji wa mimba sijawahi kuyatamka mbele ya baba, nikajikuta nimesema, "Kasema ni gesi."

Baba akasema, "Basi asipewe maharage." Tangu hapo wifi ananyweshwa tangawizi asubuhi na jioni, mama anamkaza tumbo kwa khanga ili gesi itoke, na nilipogusia Alhamisi mama akaniambia, "Mzazi hajatimiza arobaini, atoke nje kwa ajili ya gesi?" Kaka Anuari, mumewe, amesafiri. Nifanye nini?

Mwenye haya, Itigi

Marahaba, mwanangu. Barua yako imeshuka na treni asubuhi hii, Jumatano, nami nimeirukisha foleni. Majina nimeyabadilisha, maana ulificha lako ukayaanika ya wenzio.

Hospitali mlisikiliza vizuri kuliko wengi, na haya yako naielewa, nami nilikuwa nayo. Lakini damu ni ya wifi yako, aibu ni yako, na umemwacha yeye ailipie. Baba yako ana watoto, mji wa mimba si habari mpya kwake. Hata hivyo si lazima umwambie wewe. Mwite mama chumbani kwa wifi, useme: "Mama, nilidanganya kwa aibu. Kipande cha kondo la nyuma kimebaki, kesho kinatolewa kwa bomba, hakuna kisu." Atakufoka, vumilia. Baba atasikia kwa mama, kama anavyosikia mambo yote ya nyumba hiyo.

Khanga ifunguliwe leo, haiwezi kung'oa kilichong'ang'ania ndani. Arobaini imewekwa mzazi apone, na anayetoka kwenda kutibiwa hajaivunja. Maharage mrudishieni, ametokwa damu nyingi. Ila damu ikizidi, akipata homa au harufu mbaya, msingoje kesho, mpelekeni saa hiyo hiyo, hata baba mdogo akiwa sebuleni.

Sasa naweka wimbo wa dakika sita. Ukiisha, nataka mlango wa chumba uwe umefungwa na mama ameshakaa kitandani.