Bawa la Ndani Ndilo Refu

Busia, upande wa Uganda
Jumapili, baada ya ibada

Kwako dada Naomi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini shikamoo yako iko palepale. Mgongo unaendeleaje? Na kahawa za shamba la juu, umepata wa kuzichuma, au mwaka huu zimeiva zikajiangukia? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naamka. Zaidi ya hapo sina la kusema, maana tangu mwezi uliopita niko kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi. Unauona ni wako, lakini ukiufinya husikii kitu.

Baada ya kumzika Baba uliniandikia maneno mawili tu kwenye simu: "Ulikuwa wapi?" Sijajibu mpaka leo. Nimesikia pia kwamba umesema mbele ya watu nisikanyage hapo nyumbani mpaka nijibu. Basi nakujibu kwa karatasi, kwa sababu kwa mdomo nitadanganya. Nilishaanza. Shangazi aliponipata nilimwambia simu yangu ilikuwa imezima. Haikuzima, dada. Ilikuwa na chaji.

Nilikuwa karakana. Nilikuwa nachonga bawa la ndege.

Usiitupe barua bado. Si ndege ya kupanda watu. Kuna mzee mmoja wa huku Tororo, Mwalimu Oboth, aliyefundisha fizikia miaka mingi, sasa amestaafu yuko kwao Kiyeyi analima mihogo. Ana ndege ndogo ya mbao iliyofungwa nyaya mbili nyembamba. Mwenye kuirusha anasimama katikati ya uwanja ameshika mshikio wa hizo nyaya, ndege inamzunguka, naye anageuka nayo. Akivuta waya mmoja inapanda, akivuta wa pili inashuka. Aliijenga mwenyewe ujanani, na siku hizi inasukumwa na mota ndogo ya betri. Mwaka jana bawa lilivunjika, na siku hizi mikono yake inatetemeka, hata kikombe cha chai anakishika kwa miwili. Akasikia kwamba hapa Busia kuna Mtanzania anayetengeneza milango isiyopiga kelele, akaja na mchoro ameukunja ndani ya Biblia.

Mbao yenyewe aliileta kutoka ziwani. Ni ule mti wa kinamasini ambao wavuvi huufunga kwenye nyavu zao zielee. Ukiunyanyua unadhani umenyanyua mkate. Chini unauacha bapa, juu ndiko unakopiga randa. Mbele unaviringisha, unaacha unene kidogo, kisha unateremka taratibu mpaka nyuma ubaki mwembamba kama makali ya kisu. Ukikandamiza randa kidogo tu, mti unanyofoka. Halafu msasa, na kila mara unaweka kiolezo cha kadibodi juu yake uone mwanga unapenya wapi. Niliipenda kazi ile, sikufichi.

Jumanne saa nne asubuhi ujumbe wako ukaingia. "Baba ametutoka. Tunazika Alhamisi. Njoo." Nikausoma mara mbili. Nikaiweka simu kwenye kopo la misumari, nikarudi kwenye bawa. Sikuamua kutokuja, na hilo nataka ulijue, ingawa najua halinisafishi. Nilijiambia nikimaliza upande huu nitakwenda kufunga begi. Nikaumaliza, nikaanza upande wa pili. Simu ikawa inalia ndani ya kopo na misumari inatetemeka. Jioni nikafunga karakana, nikala, nikalala usingizi mzito. Jumatano nikarudi kazini. Alhamisi, wakati mnanisubiri kaburi likiwa wazi, mimi napiga msasa. Nimeambiwa mlinisubiri mpaka saa kumi. Nimeambiwa mtoto wa baba mdogo ndiye aliyebeba msalaba mahali pangu. Nilipoambiwa hivyo nilijibu, "Sawa."

Ijumaa Mwalimu akaja kuangalia kazi yake. Akaligeuza bawa, akalipima kwa shubiri, akapima tena. Kiswahili cha mpakani hapa ni cha sokoni, kimekatwa mkia na masikio, lakini nakiandika kama alivyosema.

"Hii nani nakata?"

"Mimi."

"Na mchoro wewe naona?"

"Nauona, Mwalimu."

Mchoro ulikuwa ukutani mbele ya uso wangu muda wote. Unaonyesha wazi kwamba upande wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia kwa vidole viwili. Nilikuwa nalijua hilo toka siku ya kwanza, na nilikata hivyohivyo. Halafu kati ya Jumanne na Alhamisi mikono yangu ikachukua msumeno, ikazilinganisha pande zote mbili, kama ninavyolinganisha milango. Sikumbuki nilipofanya. Mpaka leo sikumbuki.

"Sasa kwa nini?"

"Zilikuwa hazilingani."

Akaniangalia. "Wewe iko mgonjwa?"

"Hapana. Baba yangu amezikwa jana."

Akakaa kwenye kipande cha gogo. Kisha akasema, "Baba nazikwa, na wewe nakaa hapa napiga sandipepa." Hakusema kwa ukali. Nikangoja aniulize sababu, maana kila mtu angeuliza. Hakuuliza. Alivua koti, akasema nilete gundi.

Tuliunga kipande pale nilipokata. Wakati gundi inakauka akanieleza kwa nini bawa la ndani, lile la kushoto, ndilo refu. Ndege hii haiendi mbele moja kwa moja, inamzunguka mtu. Bawa la nje linapita njia ndefu, linakwenda mbio zaidi, linataka kunyanyuka zaidi. Kwa hiyo lile linalomwelekea mtu unaliongezea urefu, la sivyo ndege itainama kuelekea kwake na nyaya zitalegea. "Waya nalegea, wewe nabaki napiga kelele tu," akasema. "Ndege hapana sikia." Tena kwenye ncha ya nje ametia risasi ya nyavu za wavuvi, makusudi, ivute kwenda nje ili nyaya zikaze. Nikamwambia nimeelewa. Nilielewa kweli, kama fundi.

Kesho yake mkewe alikuja na akina mama wawili wa kanisa lao. Walikaa nami pale kwenye takataka za randa asubuhi nzima. Wakaimba kwa lugha yao, wakaomba, wakanipa chai ya maziwa. Watu hawanijui hata ukoo wangu. Nikawashukuru. Sikulia, dada. Nilikuwa nahesabu mabati ya paa.

Bawa lilipakwa vanishi, likakaa wiki mbili likikauka, na jana tumelipeleka Kiyeyi kwenye uwanja wa shule. Mwalimu alirusha wa kwanza. Mikono ilitetemeka na ndege ikatetemeka nayo, juu chini, juu chini, lakini akaitua salama, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanipa mimi mshikio. Inavuta, dada. Sikutegemea kitu chepesi vile kimvute mtu bega. Ukishaanza huwezi kuiweka chini mpaka betri yake iishe, unageuka nayo tu, na dunia yote nyuma yake inakimbia. Kiungo chetu kilishika.

Ilipotua watu wakapiga makofi, na mimi nikataka kumsimulia Baba. Simu yangu haikuwa na salio. Nikaomba ya Mwalimu, nikabonyeza namba ya Baba, naijua kwa kichwa. Sikuwa najifanya. Kwa dakika ile nilikuwa na habari ya kumpa, basi. Ikaita. Ukapokea wewe. Ukasema, "Haloo," ukasema tena, "Haloo, nani mwenzangu?" Sauti imechoka kama ya Mama kabla hajafa.

Nikakata. Ile simu ya jana jioni kutoka namba ya Uganda ni mimi. Tangu hapo najua kwamba Baba amekufa. Silii bado, lakini najua.

Jumatano

Niliiacha barua hapo, mahali pa salamu. Nilitaka kukutuma unisalimie shangazi aliyetulea, na baba mdogo, na umwambie mwanawe asante kwa msalaba, na mchungaji pia. Sasa sikutumi. Nimekuja. Naandika haya nimesimama njiani, nje ya uzio wetu, karatasi nimeiegemeza kwenye nguzo yake. Shangazi ameniona, na nimemwomba akuletee jikoni uisome kwanza.

Uliuliza nilikuwa wapi. Hilo ndilo jibu, sina lingine. Si zuri. Machozi pia sijaja nayo, na majirani watasema. Waache waseme.

Kaburi naliona kutoka hapa, udongo bado mwekundu. Sijalisogelea. Ukitaka niondoke, mtume shangazi, nitashuka bila neno. Ukitaka nilifikie, njoo wewe unipeleke.

Mdogo wako,
Elibariki