Wimbo Niliojua Ni Wangu

Mwita, babu yako hakunitungia ule wimbo wa mapenzi! Nimeshtuka hadi chai imenimwagikia kangani.

Haya, marahaba mjukuu wangu. Huku Nyamisangura hatujambo. Baba yako, fundi redio ambaye Tarime nzima sijaona wa kumfikia (nilimzaa mimi), ameukuta wimbo kwenye simu. Mzee nisiyemjua anauimba neno kwa neno, ila pale babu anaponitaja Wankuru, yeye anamtaja Rozi!

Nikamvaa babu yako. "We mzee, Rozi ni nani?"

"Muulize mwenye wimbo," akacheka. "Mimi niliusikia redioni, nikajifunza."

Umeniuliza kama uache gitaa kwa kuwa nyuzi zinakukata vidole. Babu yako alizoea nyuzi laini za litungu tu, ala yetu ya jadi. Siku alipokuja kwetu Kisaka na gitaa la kuazima, dole gumba likishika besi na vidole vingine vikiimba, niliwaringia wenzangu: "Nyie mmeletewa sukari, mimi nimetungiwa wimbo!" Lakini nilipompa uji, alishindwa kushika kikombe. Ncha za vidole zilikuwa zimechanika. Nikadhani ni jembe.

Kumbe alijifunza tangu ulezi unapandwa hadi unavunwa. Wa kwake angeutunga kwa siku moja, mjukuu wangu.

Bado nimenuna kidogo. Atapiga mbele ya ukoo wote, na ole wake amtaje huyo Rozi. Nawe uje na gitaa lako. Tunawasubiri wote Jumatatu ya Pasaka.