Wimbo wa Mwisho wa Mwalimu Haberkamp

Handsworth, Birmingham
Jumapili

Baba mpendwa,

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Ila nisikurukie hivyo kabla ya salamu. Mgongo wako unaendeleaje? Na kwaya, je? Sisi ni wazima, baridi tu, na Mama na zamu zake za hospitali.

Uliniuliza habari za mwalimu wangu wa piano. Mwalimu Haberkamp ni Mjerumani wa miaka themanini na mmoja. Alizaliwa karibu na Leipzig, na akiwa na miaka kumi na miwili tayari alikuwa akipiga kinanda kanisani. Huku alimfuata mke, marehemu sasa. Alifundisha shule za hapa miaka thelathini, na tangu ujana kila likizo alitunga nyimbo za kwaya. Nyingi hazijawahi kuimbwa. Hunitania kwamba napiga piano kama mtu anayekimbilia basi la Soho Road, halafu anacheka mpaka anakohoa.

Baba, uliwaringia wanakwaya kwamba binti yako sasa anasoma noti za mistari, si solfa ya do-re-mi peke yake kama nyinyi. Si kweli. Miaka miwili nimekuwa nikimwomba Mwalimu anipigie kwanza, eti nisikie ladha, kisha nakariri kwa sikio. Niliona haya kusema sijui.

Mwezi wa tatu alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Kabla ya hapo alikuwa ameniandikia wimbo kwa kalamu yake. Jumatano akaniomba nimpigie, maana hana njia nyingine ya kuusikia. Anti Charanjit, jirani yake, akaleta chai, akaketi asikilize. Nikazikodolea macho noti zile. Kisha nikapiga ule wimbo wako wa mavuno, Baba, polepole, huku nikifunua kurasa kana kwamba nasoma.

Alisikiliza amefumba macho. Mwishoni akamwambia Anti kwamba basi, akili imemtoka, wimbo wake mwenyewe haujui. Akanigeukia, akauliza kama kweli ndivyo alivyoandika.

Nikasema ndiyo.

Jana Anti alinisimamisha nje ya duka. Alisema Mwalimu anajaza karatasi zake zote kwenye mifuko ya taka, nyimbo za miaka sitini, kwa sababu mtu asiyeitambua kazi yake hana haki ya kuwaachia watu. Akaniuliza mimi, mwanafunzi wake, kama siwezi kumbembeleza. Nikaitikia kwa kichwa tu, nikaondoka.

Lori la taka hupita Jumanne. Kumbembeleza hakutasaidia, Baba. Ni lazima nimwambie kwamba akili yake ni nzima, na mwongo ni mimi. Kwenda peke yangu siwezi, ulimi utakwama. Nitamwomba Mama twende pamoja kesho, na kwa hiyo na yeye itabidi ajue.

Wasalimie wanakwaya wote. Waambie ukweli kuhusu noti, usinifichie.

Mama anapanda ngazi sasa hivi. Kila akipita nimekuwa nikiisukuma karatasi hii chini ya daftari la hesabu. Safari hii naiacha wazi mezani.

Binti yako aliyekuaibisha,
Zilpah