Sura ya Tano Haitoki

Mdogo wangu mpendwa,

“Kitabu kinachosema kilima kiliporomoka kwa sababu ya miti ni kitabu kinachomnyang'anya Mungu kazi yake.” Nimeanza na maneno yako kabla ya salamu, unisamehe. Yamenikaa kooni tangu siku ya ibada, na ningeanza kwa upole ningeyameza. Sasa nakusalimu. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na wanangu, yule wa mwisho kikohozi kimemwacha? Sisi huku tu wazima. Shemeji yako mgongo unamsumbua, lakini kulalamika hakujapungua, kwa hiyo najua yu hai. Baba anakula, anagombana na redio, na habari zake nyingine nitakueleza chini.

Nikujibu kwanza. Hakuna aliyemnyang'anya Mungu kazi. Mvua ilikuwa yake, ikanyesha kama inavyonyesha siku hizi, yote kwa mkupuo baada ya miezi ya vumbi. Misumeno ilikuwa yetu. Tulikata msitu ule mdogo nyuma ya nyumba ya ibada ili tupate ukumbi mpana na mahali pa kuegesha magari, na udongo ulioshikwa na mizizi yake ukashuka mpaka mtaa wa chini. Maandiko unayosoma wewe ndiyo ninayosoma mimi, na sijaona palipoandikwa kwamba mpangaji akibomoa ukuta, alaumiwe mwenye nyumba. Nimechapisha vitabu vingi vya watu wa dini vinavyosema kuitunza ardhi ni ibada. Wewe mwenyewe umevisifu mimbarini, ukavinunua, ukavigawa kwa vijana. Ulivipenda kwa sababu vilizungumzia vilima vya watu wengine.

Lakini si hilo lililoninyima usingizi. Ni yule fundi cherehani. Matope yaliingia chumbani kwake, yakafunika cherehani na vitambaa vya watu, na yeye akavutwa kwa mikono kupitia dirishani. Mama yake hakutoka. Kaburi halijaota nyasi, ukapanda mimbarini ukasema matope yalijua yanakokwenda, na kwamba mtaa wa chini ujichunguze. Hukumtaja, najua utasema hivyo. Hukuwa na haja, maana kila aliyekuwa ndani aligeuza shingo kumtazama. Tangu siku hiyo wanawake hupita mlangoni kwake na vitambaa kwapani, wakielekea kwa fundi wa sokoni. Mmoja wao alisimama akamweleza, kwa upole kabisa, kwamba amalizane kwanza na Mungu, halafu watazungumza habari za mikono ya gauni. Mtu amezika mama, anaambiwa habari za mikono ya gauni.

Sura ya tano inasema kilichotokea: nani alikata, nani alionya, na kwamba mwanamke huyu hana kosa lolote. Ndiyo sura unayotaka niitoe. Katibu wako alikuja hapa kiwandani, akakaa ukingoni mwa kiti kama aliyekalia kaa la moto, akaniambia Kiongozi anaona sura ya nne ni nzuri na ya sita inajenga, ila ile ya tano tu, dada, tuiache ipumzike. Nikamwambia kitabu si suruali nikipunguze kiunoni. Akasema kwa ulimi wangu huu si ajabu sikuwahi kupewa kiti kwenye kamati ya ujenzi. Nikamjibu kamati ilikuwa na viti vya kutosha, kilichokosekana ni masikio. Fundi wa mashine alicheka mpaka akashika rola ya wino kwa kiganja kizima, na katibu akaondoka bila kuaga.

Tena unasema hukushirikishwa. Hapo, mdogo wangu, nakukatalia kabisa. Unajua desturi ya kiwanda chetu: kitabu kinachohusu watu hakichapwi kabla watu hao hawajakisikiliza. Wanakaa kwenye mabenchi, tunawasomea, na asiyekubali neno anagonga meza. Fundi cherehani aligonga, tukarekebisha rangi ya mlango wake. Mzee wa posta aligonga mpaka tukadhani amekuja kutengeneza meza. Wewe ulikaa mbele, umefumba macho, mikono juu ya tumbo, na kila aya ilipokwisha uliitikia amina, na waumini wote nyuma yako wakaitikia amina. Ulidhani uko kwenye maombi ya jioni. Tulipofika pale panaposema kiongozi wa jumuiya alionywa na hakusikiliza, amina yako ilisikika mpaka barabarani. Sura ilipita kwa idhini yako. Hukuwa umesinzia, usijitetee. Umezoea tu kwamba kinachosomwa kwa sauti mbele yako hakikuhusu.

Sasa nifike kwenye lile linalonitia uchungu kuliko yote, na ndilo hasa lililonikalisha hapa.

Wiki iliyopita, mimbarini, ulimshambulia yule shahidi wa sura ya tano, mzee mmoja wa kamati aliyesema kilima kilikuwa kikining'inia kwenye mizizi ile. Ulimwita mzee aliyechoka akili, anayetafuta kutajwa kabla hajafa. Watu wote wakamtazama mzee wa posta, kwa kuwa mna ugomvi wenu wa vipaza sauti. Naye akatabasamu tu, maana alijua si yeye. Wewe pia ulikuwa unamtazama yeye. Ungegeuza macho kidogo ungemwona aliyekuwa amekaa kando yangu, kofia magotini, akiangalia sakafu.

Shahidi ni Baba.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Njiani akaniuliza, kwa sauti ambayo sijamsikia akiitumia, kama nimeona dalili zozote, kama anarudia maneno au anasahau majina, nisimfiche. Nikamwambia hapana. Akasema pengine ugonjwa wenyewe huanza kwa watoto kuogopa kukuambia. Baba yetu, ambaye bado anamsahihisha mtangazaji wa redio.

Na kuna sentensi moja niliyoiacha nje ya kitabu, kwa sababu ingemfichua. Aliniambia kwamba kwenye kikao cha kamati yeye naye alikwisha kusema miti isikatwe. Kisha wewe, mwenyekiti, ukawatazama wazee mmoja mmoja ukingoja mikono ya kukubali ikatwe, na macho yako yalipomfikia, mkono wake ukapanda. Alisema: “Mwenyekiti alikuwa mwanangu. Ningemwaibishaje mbele ya watu?” Ndivyo msitu ulivyokwenda. Alinikataza nisikuambie, eti usije ukabeba mzigo wake. Jana alinifungua mdomo. Anataka sentensi irudishwe kitabuni na jina lake liandikwe, kwa kuwa fundi cherehani amekwenda siku zote na jina lake wazi, wala hakunyoosha mkono popote. Nimeirudisha. Kitabu kinaingia mashineni na sura zake zote, jumuiya ikipokee isikipokee.

Nisalimie wifi, na wanangu uwaambie shangazi yao amewawekea vitabu vya picha. Shemeji yako anawasalimu wote. Baba hakutuma salamu, ameniambia atangoja.

Ninachotaka kwako ni hiki, na kwa wazee wote wa kamati pia, wasomee barua hii neno kwa neno. Ibada ijayo, shukeni mbele ya watu, msimame karibu na fundi cherehani, mseme kwa sauti ileile mliyomhukumia kwamba miti ya kilima mliikata ninyi na mama yake hakufa kwa dhambi ya mtu yeyote wa nyumba yake. Wake zenu wampelekee vitambaa wiki hiyohiyo. Na wewe, mdogo wangu, siku hiyo usipitie kwako. Njoo moja kwa moja kwa Baba, uvue lile vazi lako la mimbarini mlangoni, ukae naye chini, umwambie kwa kinywa chako kwamba akili yake ni nzima.

Ni mimi, dada yako.