Ukifika Katikati

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimesema "bata" mara nyingi kuliko bata mwenyewe. Bata, pata. Dua, tua. Ndiyo kazi yangu: mgonjwa anakaa ndani ya chumba cha kimya, mimi nje ya kioo, kadi mbele ya mdomo ili asiibe maneno kwa macho. Nasema neno kwenye kipaza sauti, analirudia. Mzee mmoja nilimwambia "tui", akajibu asante, ameshakula. Mama Masikio ilibidi atoke nje kucheka. Huyo ni bosi wangu. Jina alipewa na wagonjwa watoto, naye akalipenda.

Mimi sikucheka. Jumapili ya tarehe kumi na sita wazee wa pande mbili wanakutana kwetu kupanga siku ya ndoa yangu. Mama ameshaanza kuosha vikombe vya kabatini ambavyo hata havina vumbi. Kila nikiviona, nageuza uso.

Fundi, mchumba wangu, hana kosa. Naandika tena ili nikija kusoma nisijidanganye: hana kosa. Ni fundi wa lifti. Ndivyo tulivyokutana — lifti ya jengo letu ilikwama nami ndani, akanishikilia kwa maneno kupitia ufa wa mlango mpaka ikatembea. Dada, umekaa au umesimama? Nimesimama. Basi kaa, hata mfalme akikwama hukaa. Nilimpenda kabla sijamwona uso.

Basi tatizo nini? Miguu inawasha, ndilo tatizo. Na bendi yangu, Vumbi la Chaki, hawaninyamazii kichwani na ule wimbo wao. Ukifika katikati, shuka.

Jumatano, 5 Machi

Hakuna atakayesoma haya, kwa hiyo naweza kuyasema bila aibu.

Mwaka wa tatu wa udaktari. Chumba cha bweni, dirisha likitazama ukuta. Nilikuwa sili. Nakariri mishipa ya mkono huku nalia, machozi yanaloanisha mishipa. Baba alishaanza kuniita Daktari mbele ya wageni. Siku moja msichana wa chumba cha pili akanivisha spika zake za masikioni, akasema sikiliza hawa kabla hujafa.

Vumbi la Chaki. Wanaume wanne na mwanamke mmoja mwenye sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Wimbo wenyewe "Daraja": kamba zinalia, mbao zinacheza, nyuma wanakuita, mbele wanakuita, ukifika katikati, shuka.

Shuka! Hakuna aliyewahi kuniambia neno hilo. Wote waliniambia kaza, vumilia, umebakiza kidogo. Nikausikiliza mpaka simu ikazima, nikaichaji, nikausikiliza tena, kwa sauti ya juu kabisa, ili nisisikie kitu kingine. Wiki ileile nikaenda kwa msajili wa chuo nikaaga. Nikashuka.

Baba alininunia. Siku hizi tunaongea, ila ananiita "wewe". Daktari alikufa, na aliyebaki hajampa jina.

Sijutii. Nikasomea masikio, nikapata kliniki, nikajipata. Kila nilicho nacho kimetoka kwenye neno hilo moja. Ndiyo maana linapoanza kuniita tena, naliogopa. Maana niko katikati tena — pete kidoleni, ndoa mbele.

Leo Mama Masikio amenigusa bega. Kengele ya lifti inalia muda wote huo, hujasikia? Nilikuwa nimezama kwenye kazi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeamua. Nitamwambia kesho, baada ya onyesho.

Kwa sababu — kichekesho! — tiketi kanunua yeye. Vumbi la Chaki wanakuja mjini kwetu kwa mara ya kwanza, na Fundi hata hawapendi. Anasema nyimbo zao zinahitaji grisi. Lakini kanunua, na ya Chiriku pia, asije akanuna. Chiriku ni mdogo wangu. Akianza kuongea, hata redio inajisikia vibaya.

Nimeandaa sentensi: "Sina lawama juu yako, ila nimefika katikati." Nimeisema mbele ya kioo cha bafuni. Nasikika kama mtu anayesoma tangazo la msiba. Nikaibadilisha. Ikazidi kuharibika.

Mama akauliza nje ya mlango naongea na nani humo. Na mswaki, Mama.

Jumapili, 9 Machi

Jana sikuandika. Mkono ulikataa.

Tulisimama mbele kabisa. Chiriku alitupenyeza kwa viwiko. Ajabu kuona sauti ile ina mwili! Mwanamke mfupi, raba chakavu, koti la mtu mwingine. Fundi hakumtazama. Alikuwa anatazama dari, anakagua kamba zilizoshika taa.

Kisha "Daraja". Ukumbi mzima mikono juu. Nikafumba macho, nikaimba kwa kifua chote: ukifika katikati, shuuuka!

Kiwiko ubavuni. Chiriku anacheka mpaka ameshika magoti. Akanipigia kelele sikioni: dada, unashuka unaenda wapi, mtoni? Sikumwelewa. Akarudia polepole, kama anavyomsemesha bibi. Ni SHIKA. Shika kamba!

Nikamwambia asinichekeshe. Wimbo huu naujua tangu yeye anavaa sketi ya shule. Akamgeukia Fundi: shemeji, wanaimba nini hawa? Na Fundi, ambaye hawapendi, ambaye akili yake yote ilikuwa darini, akasema "shika". Si ndivyo? Mbao zinacheza, unashika.

Nikatazama jukwaani. Mimi si naijua kazi yangu? "Shu" huchongoa midomo, kama mtu anayepuliza chai. "Shi" huivuta pembeni. Kiitikio kikarudi. Yule mwanamke akasogea mpaka ukingoni, jasho linamtiririka, akafungua kinywa —

Meno.

Kikarudi tena. Meno. Nikaacha kumtazama yeye, nikatazama watu. Safu nzima, meno! Ukumbi mzima unanichekea na kuniambia shika, na masikio yangu yanasema shuka. Wazi kabisa. Hata leo mchana, nimejilaza, nimeurudia: shuka.

Sentensi yangu ya bafuni ilinifia mdomoni. Ningemwambiaje nimefika katikati? Njiani Fundi akauliza mbona kimya. Nikasema sauti imekauka. Akanivisha koti lake, akaendelea kuongea habari za zile kamba, kwamba mojawapo hakuipenda.

Jumanne, 11 Machi

Hasira. Kwa nani sasa? Kwa irabu?

Nimeacha udaktari kwa sababu ya irabu moja! Maisha yangu yangekuwa kitabu, kosa la chapa liko ukurasa wa kwanza, na hadithi yote imejengwa juu yake. Nikacheka peke yangu kazini. Mgonjwa akaniuliza kama amekosea.

Jioni jikoni nikamchokoza Chiriku. Tangu lini unajua ni shika? Tangu siku ya kwanza, akasema, anamenya kitunguu. Kila mtu anajua. Nilidhani unaimba yako kwa makusudi.

Nikamwambia, kama mzaha, kwamba mimi niliacha chuo kwa ajili ya neno lile. Akaweka kisu chini. Hakucheka, na Chiriku asipocheka ujue kuna jambo. Akasema niliacha kwa kuwa nilitaka kuacha. Hata wangeimba "shoka", ungesema wamekuambia ukate.

Nilimrushia ganda la kitunguu. Lakini neno lake limenikaa. Kama ndivyo, hakuna wimbo wa kuulaumu wala kuushukuru. Niko mimi tu. Hilo linatisha kuliko irabu. Maana jambo la Fundi nalo litakuwa langu peke yangu.

Na kuna swali la kikazi ninalolikwepa tangu Jumamosi. I na U zinafanana huku chini, kwenye sauti nene. Kinachozitenganisha kiko juu, kwenye sauti nyembamba. Asiyezisikia hizo, ukimwambia "shika" anaweza kupata "shuka". Nawaeleza wagonjwa kila siku. Nawachorea.

Kengele ya lifti ni sauti nyembamba.

Alhamisi, 13 Machi

Nilimwomba Mama Masikio anipime. Hakuuliza kwa nini. Ingia, akasema.

Nikiwa nje ya kioo nilidhani kimya ni kimya. Ndani, kimya kimejaa: mate, moyo, nguo yako mwenyewe. Sauti nene zikaja, nikabonyeza kitufe. Zikaja nyembamba kidogo, nikabonyeza. Kisha hazikuja. Nikauona mkono wake unaongeza. Unaongeza tu. Na mimi, kwa haya, nikabonyeza bila kusikia kitu.

Akainua macho. "Usinidanganye, mwanangu. Hapo sijapiga kitu."

Nimewakamata wangapi kwa kosa hilohilo? Na nikawaona watoto!

Mchoro wa usikivu wangu unaanza vizuri, tambarare, halafu mstari unashuka. Unashuka! Nikaangua kicheko. Yeye hakucheka. Spika za masikioni tangu lini? Tangu mwaka wa tatu. Kwa sauti gani? Nikatazama viatu vyangu. Akaniambia kilichokwenda hakirudi, tulinde kilichobaki. Nitavaa vifaa, masikio yote mawili, na zile spika nizitupe. Aliyasema kwa ule upole ninaowasemea wengine. Sikujua kuwa upole ule unauma.

Kwa hiyo nyimbo zao ndizo zilizonifungua, na ndizo zilizonifunga. Ningepaswa kulia. Badala yake nilizunguka meza nikifikiria jambo moja: siku ile ya kwanza, bwenini, kabla sijaharibu chochote, masikio yangu yalikuwa mazima. Wakati ule nilisikia nini? Shika — nikaigeuza mwenyewe? Siwezi kurudi kupima. Hakuna mchoro wa siku ile.

Fundi amepiga simu. Koti la baba yake limetoka kwa dobi, tayari kwa Jumapili. Nikamwambia njoo Jumamosi kliniki, nikishafunga. Kuna jambo.

Akauliza: jambo la kusimama au la kukaa?

La kukaa.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika ndani ya chumba cha kimya, kwenye kiti cha wagonjwa, daftari juu ya goti. Mlango uko wazi. Nipo peke yangu. Niandike kabla hajarudi.

Alikuja na nguo za kazi, yuko zamu. Nikamwambia yote. Bweni, daraja, baba, vikombe vya Mama. Nikamwambia hata sentensi ya bafuni — kwamba usiku ule wa onyesho nilikuwa nimekwenda kumwacha. Nikamwonyesha mchoro wangu. Alikuwa ameshika kofia yake ya kazi, akaizungusha, akaizungusha. Uso ukamshuka. Hakunibembeleza, na ningemchukia angenibembeleza.

Na sasa? akauliza.

Sasa sitaki kukujibu kwa wimbo, nikasema. Si kwa shuka, wala kwa shika.

Akatazama vyombo vyangu mezani. Akaichukua kadi. "Haya basi. Ingia nikupime. Angalau leo nikuone wewe umefungiwa na mimi niko nje, kama zamani."

Tulicheka wote wawili, kicheko kibaya, cha koo. Nikaingia, nikafunga mlango. Akakaa kwenye kiti changu, kadi mbele ya mdomo, sawasawa kabisa. Bata. Nikasema bata. Dua. Dua. Tui. Nikasema asante, nimeshakula. Mabega yake yakatikisika nyuma ya kadi.

Kisha nikamwona anavuta pumzi. Akasema neno ambalo sisi hatupimi nalo.

Nililisikia lilivyo: sh, halafu shimo, halafu ka.

Macho yake juu ya kadi hayakunisaidia. Kama amesema shuka, ananiruhusu. Kama amesema shika, ananiomba. Vyovyote vile, analotaka kujua ni mimi nimesikia lipi. Nikafungua kinywa —

Akageuza kichwa ghafla. Akaja akafungua mlango: husikii? Kengele! Kuna mtu amekwama kati ya ghorofa! Nikasimama mlangoni. Nikatega sikio la kulia. La kushoto. Hakuna kitu, jengo lote limetulia, na yeye amekunja uso kwa kelele. Akanitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Nadhani hapo ndipo mchoro ulimwingia. Akanyakua mkoba wake wa vifaa, akakimbia.

Sauti yake nene ndiyo inayonifikia, toka kwenye korido. Anaongea na ufa wa mlango. Mama, umekaa au umesimama? Basi kaa. Hata mfalme —

Kadi ameiacha mezani. Nimeinuka, nikaitia mfukoni mwangu. Akirudi hatakuwa na pa kuficha mdomo. Wala mimi.

Ningeweza kumwomba alirudie, nimsome midomo. Itakuwa rahisi. Na itakuwa jibu lake, tena si langu, kama nilivyofanya na yule mwanamke wa raba chakavu.

Sakafu inatetemeka. Lifti imetembea. Sauti ya mwanamke anayeshukuru, anacheka na kulia pamoja. Fundi anamwambia haya mama, shuka taratibu, shika mkono wangu — hapo nimesikia yote mawili, au nimeyajaza mwenyewe, sijui.

Nyayo zake. Nimelijaribu neno langu bila sauti, kidole juu ya mdomo, nione linakaaje kabla sijalisema.

Kidole kimegusa meno.