Sato Asiye na Kichwa

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Nansio tu wazima. Babu yako sasa anatembea bila fimbo. Umeniuliza ufanyeje mteja akikufokea hapo hotelini.

Nikiwa mhudumu wa mgahawa Mwanza, bwana mmoja alinifokea kwa kuletewa sato asiye na kichwa. Nilitaka kumjibu, ndipo nikamsikia akimwomba radhi mzee aliyekaa naye, baba mkwe wake. Kwetu, kumpa mkwe samaki bila kichwa ni kumdharau. Nikamgeukia yule mzee: “Shikamoo baba. Mkweo aliagiza samaki mzima, ni sisi jikoni tumekosea.” Nikaleta mwingine. Yule bwana akanishukuru kwa sauti ya chini.

Mtu akikufokea, mama, angalia kwanza amekaa na nani.

Bibi yako