Maharagwe Yenye Madoa

Matisi, Kitale
12 Mei 1991

Senge, shangazi yangu,

Mama ameniandikia kwamba unang'oa maharagwe yenye madoa madogo makavu. Tafadhali yaache. Kuvu ikiingia, jani huua sehemu yake ndogo inayoizunguka, kisha hutoa vimeng'enya, yaani kemikali za kuvunja ukuta wa kuvu hiyo. Doa kama hilo huonyesha kwamba jani linajikinga.

Uliuliza mbona siji nyumbani Bokoli tangu Barasa, aliyekuwa mchumba wangu, aoe mwingine. Hapa maabara wenzangu wa kazi wananitania, "Madam Kimya, ati hata leo huna la kusema?" Ninacheka, halafu narudi chumbani na kujifungia.

Jani likishinda, huendelea kukua. Mimi bado nimejifungia.

Njoo Jumapili, Senge. Nisipofungua mlango, usirudi nyumbani. Bisha tena.

Mwanao,
Nelima